Mwaka Tuliowanyima Wageni Mahindi

Siku ya kuniaga kazini alisimama kijana mmoja wa utumishi akasema kwamba miaka yangu yote nilikuwa mtii, mpole na msikivu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamtazama tu, nikajua hajawahi kufungua jalada langu. Angelifungua angekuta barua za kunitaka nijieleze zimepangana humo, na majibu yangu chini yake kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hakuna hata moja linaloanza na "naomba radhi." Radhi niliwahi kuiomba mara moja tu, na sikuiombea ofisini. Nitaieleza humu. Ninawaandikia nyinyi mabwana shamba na mabibi shamba mnaoanza sasa, mnaokabidhiwa pikipiki siku ya kwanza. Mkisikia popote kwamba nilikuwa mtii, kataeni.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vilipojisikia kuja, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nimezaliwa Ngombezi, kwenye kambi za mkonge. Baba alitoka Songea kuja kukata mkonge kwa mkataba, wakamwita manamba kama wenzake, na hakurudi kwao tena. Uhuru ulinikuta mdogo, nakumbuka wali wa siku hiyo kuliko bendera. Nikasoma, nikapelekwa chuo cha kilimo, nikarudi Korogwe na cheti, jozi ya mabuti ya mpira, na kiburi kisichokuwa na kazi ya kufanya.

Kiburi kilipatiwa kazi na Bwana Shekuwe. Huyu alikuwa mtunza ghala, Msambaa wa milimani, miwani yake imefungwa uzi pembeni. Siku ya kwanza hakunipa hata kiti. Alinipa chupa pana ya kioo iliyojaa mahindi na fukusi, akasema, "Kaa nao."

"Nikae nao mpaka lini, mzee?"

"Mpaka uwajue."

Nikakaa na wadudu siku tatu. Siku ya tatu akaniuliza fukusi ana nini usoni. Nikamwambia ana kimkonga. Akaitikia kwa kichwa. "Basi siku ukimkuta anayetoboa mahindi na hana mkonga, usikae hata dakika. Njoo kwangu." Nilidhani ananitania.

Ni yeye aliyenifundisha bambo. Nyinyi wengi hamjalishika, kwa hiyo nitalieleza. Ni chuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma kwenye gunia, unalizungusha, unalitoa, na linakuja na punje za ndani kabisa, zile ambazo mwenye gunia hakutaka uzione. Ukishazitoa unazimwaga kwenye chekeche juu ya karatasi nyeupe, unatikisa, unatazama kinachotembea. Hakuna mashine hapo, ni macho yako na subira. Na alikuwa na amri moja tu: usimwambie mkulima kitu ambacho hujakifungua kwa mkono wako mwenyewe. Amri za ofisini nilizivunja nyingi. Hiyo sikuivunja.

Baadaye nikapangiwa Mazingara, Handeni. Operesheni ya vijiji ilikuwa imekwishapita, nyumba zimepangwa mistari, watu bado wananung'unikia mashamba waliyoyaacha mbali. Nikafika na baiskeli ya serikali, bambo limefungwa kwenye fremu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sempoli, alinipokea vizuri, akanipa maji, akaketi, akawa anaitazama barabara nyuma yangu.

"Karibu sana, binti. Sasa bwana shamba mwenyewe anafika saa ngapi?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akaitazama barabara mara moja tena. "Basi na iwe heri."

Ilichukua msimu mzima hiyo heri kufika. Wanaume walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kufanya walivyofanya mwaka jana. Aliyenishika mkono ni Bi. Mwanahamisi, mjane, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mama wa watoto watano na sauti inayosikika vijiji viwili. Alinifundisha mambo ambayo chuo hakikuyajua. Pale Mazingara mahindi hayapukuchuliwi. Huvunwa yakakaa na maganda yake, yakapangwa darini juu ya moto wa jikoni, moshi ukayapiga kila siku. Kwa fukusi hiyo ilikuwa dawa tosha, ganda limefunga na moshi unawakera. Halafu kuna hesabu ya mama mwenye nyumba. Hindi zima analihesabu kwa jicho, anajua watoto wamekula mangapi na yamebaki ya miezi mingapi. "Ukiyapukuchua," aliniambia, "yanaisha hujui yamekwendaje. Punje ina miguu."

Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo kisa chenyewe. Mgeni wa Mazingara haondoki mikono mitupu. Akiondoka hivyo, basi amefukuzwa. Hupewa mahindi makavu mazuri, manne au sita, maganda yamevutwa nyuma na kusukwa pamoja, anayaning'iniza begani na kwenda nayo. Nayo hayaliwi. Ni ya mbegu, ama ya kuwekwa darini yachanganyike na ya mwenye nyumba, udugu ukae pamoja humo juu. Kuyakataa ni tusi. Nami baada ya muda nikawa Mzigua kuliko Wazigua, sikukataa ya mtu wala sikumtembelea mtu bila kubeba yangu.

Tuje sasa kwenye mwaka wenyewe. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na madukani hakukuwa na kitu. Sabuni ya kupanga foleni, sukari ya kusikia kwa jirani. Mtu aliyekuwa na mahindi darini alikuwa na mahindi, na asiyekuwa nayo hakuwa na pa kuyanunua. Liwekeni hilo kichwani, maana hivi sasa kijana akisikia mdudu amekula mahindi anadhani ni hasara tu. Kwetu ilikuwa njaa.

Mwanzo wa mavuno nilikwenda Kilole kumtembelea kaka yangu. Nikamkuta mgeni, mjomba wa mkewe, mzee mcheshi aliyesafiri siku tatu kutoka upande wa Tabora, na mzigo wake mkubwa ulikuwa mahindi. Mahindi marefu meupe, sijawahi kuyaona mazuri vile. Nilipoaga akanivika begani kumi na mawili. "Wapelekee wenyeji wako wapate mbegu." Sikulifungua hata moja. Bibi shamba mzima, mwanafunzi wa Bwana Shekuwe, bambo nyumbani, na nikayabeba kama nilivyopewa kwa sababu ni zawadi. Zawadi unaikaguaje? Nilipofika Mazingara nikampa Bi. Mwanahamisi sita, yeye akayaweka katikati ya dari lake, mahali pa heshima. Sita nikayatundika jikoni kwangu.

Wiki zikapita. Asubuhi moja nikasikia ile sauti yake, "Bibi shamba! Hebu njoo uone, dari langu linanyesha unga!"

Nikaenda nikicheka. Nikaingia jikoni, nikaacha kucheka. Unga ulikuwa unadondoka kweli, mwembamba, kimyakimya, kwenye sufuria, kwenye mafiga, kwenye kitambaa chake cha kichwa. Nikapanda ngazi, nikachukua hindi, nikalifungua ganda. Ndani hakukuwa na mahindi. Kulikuwa na gunzi, unga, na matundu ya mviringo yaliyonyooka kana kwamba fundi kayapiga. Nikaligonga kiganjani, vikadondoka vidudu vya kahawia iliyoiva, vimeviringika, vifupi kuliko punje ya mchele. Nikakigeuza kimoja. Ukikitazama kwa juu unadhani hakina kichwa, kimekificha chini ya kifua. Hakina mkonga.

Nikashika nguzo ya dari nishuke, nayo nguzo ikatoa unga mkononi mwangu. Walikuwa wanakula mpaka miti.

"Ni nini, mwanangu?" Bi. Mwanahamisi aliniuliza kutoka chini.

"Sijui, mama." Nilikuwa nadanganya kidogo. Nilijua kimoja, kwamba simjui.

Nikaweka vidudu kwenye chupa ya dawa ya macho, nikaenda Korogwe. Bwana Shekuwe alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Akavimwaga kwenye karatasi, akachukua kioo cha kukuzia, akatazama muda mrefu. Alipoinua kichwa hakuwa na utani.

"Nimeletewa habari zake kutoka bara, wanamwita dumuzi. Hakuwapo nchini kwetu, ameletwa kutoka nje. Mahindi haya yametoka wapi?"

"Kwa mama mmoja kule Mazingara."

"Sikuulizi yalikokaa. Nakuuliza yalikotoka."

Ndipo nikayaona yale mahindi marefu meupe begani mwangu. Nilikaa kwenye gunia nikalia mbele ya wapakiaji. Nilikuwa nimelitoa jambo hilo Kilole kwa mkono wangu, nikalipandisha basi, nikalifunga kwenye baiskeli ya serikali, nikaliingiza kwenye nyumba ya mtu aliyenipenda. Bwana Shekuwe aliniacha nilie, kisha akasema, "Ukimaliza, twende kwa mkubwa."

Mkubwa wetu wa kazi wakati huo, jina lake nalihifadhi kwa ajili ya watoto wake, alitusikiliza akiwa anasaini makaratasi mengine.

"Ndugu Veronika, kwetu hapa hakuna mdudu mpya."

"Nimemleta kwenye chupa, mzee."

"Basi mrudishe na chupa yake. Wiki ijayo lori linakwenda Mazingara kupakia mahindi ya kijiji. Likirudi tupu kwa sababu ya taharuki yako, mimi ndiye nitakayeulizwa. Utanyamaza. Umenielewa?"

"Nimekusikia," nilimwambia. Hayo mawili si mamoja, lakini yeye hakuwa mtu wa kutofautisha.

Msidhani sikuogopa. Nilikuwa na mama mzee Ngombezi na watoto wawili wanaonitegemea, na kazi ya serikali enzi hizo ukiipoteza umeipoteza. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nanyamaza na kusema, nanyamaza na kusema. Ila kila nilipofika kwenye kunyamaza niliyaona yale magunia yanapakiwa, yanashushwa Korogwe, yanatawanywa, na kila mgeni wa Mazingara anaondoka na mahindi begani kwenda Kwamsisi, kwenda Mkata, kwenda kwa binti aliyeolewa. Mdudu huyu hana mabawa ya safari ndefu. Anaruka kidogo, mwendo mrefu tunampa sisi.

Nikamwomba Mzee Sempoli aitishe mkutano mbele ya ghala la kijiji. Nikamwaga chupa kwenye karatasi, wakapita mmoja mmoja kutazama. Nikawaeleza: anataka hindi zima lenye ganda, huko ndiko anakojishikiza na kutoboa. Punje zilizopukuchuliwa zinamsumbua, hana pa kuegemea. Kwa hiyo yote yapukuchuliwe, yaanikwe, yachekechwe, magunzi na maganda yachomwe siku hiyohiyo. Miti ya dari iliyotobolewa ichomwe. Makopa ya muhogo yakaguliwe, maana hata hayo anakula. Na kuanzia leo hakuna hindi zima linalotoka Mazingara wala kuingia.

Kelele zikaanza. Mzee mmoja akasimama, "Sasa mgeni nimpe nini? Nimpe mkono?" Watu wakacheka. Mwingine akasema serikali imekwishatuhamisha mashamba, sasa inataka kutuhamisha na adabu zetu. Nikaona wananiponyoka, wataondoka wakicheka. Nikasema lile nililokuwa nimepanga kulisema mwisho, au nisiliseme kabisa.

"Mdudu huyu nimemleta mimi. Nilipewa mahindi Kilole, nikaona haya kuyakagua kwa sababu ni zawadi. Nikampa Bi. Mwanahamisi. Dari lake limekwisha. Naombeni radhi, na kwake naomba zaidi."

Bi. Mwanahamisi alikuwa amekaa mbele. Nilikuwa sijamwambia kabla, na hilo ndilo kosa langu la pili, nalikiri. Alinitazama kama ananiona leo.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mwanangu, umenila." Akajifunga khanga, akaondoka.

Hakuna barua ya onyo iliyowahi kunichoma vile. Kisha nikapandwa na hasira, na hasira zangu ni nzuri zikinijia kwa wakati. Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwangu. Yale mahindi sita yaliyobaki yalikuwa unga mtupu, na miti ya jiko imetobolewa. Jiko lile lilikuwa la miti na makuti, limejengwa na serikali, lina namba ya serikali imepakwa rangi mlangoni. Nikatoa sufuria zangu, nikatoa kinu, nikalitia moto.

Likawaka vizuri sana, sifichi. Watu wakakimbia wakidhani ni ajali, mmoja kaja na ndoo. Nikamwambia asimwage. "Nimeanza na langu," niliwaambia. "Anayetaka kucheka na acheke sasa."

Hakuna aliyecheka. Na tukiwa bado tunatazama, tukasikia panga. Bi. Mwanahamisi alikuwa juu ya dari lake, lile ambalo marehemu mumewe alilikata mti kwa mti, analibomoa. Nikaenda kusimama chini kupokea. Alinishushia miti nikaipokea, akanishushia nikaipokea, mpaka mwisho. Alipowasha moto ndipo akasema, bila kunitazama, "Usidhani nimekusamehe. Nataka tu wanangu wale." Nikamwambia hiyo inanitosha.

Baada ya hapo kijiji kiliamka. Mahindi yaliwekwa kwenye magunia yakapigwa fimbo, yakamwagwa kwenye mikeka, akina mama wakachekecha, na kilichodondoka kikatiwa motoni papo hapo kabla hakijatembea. Bwana Shekuwe akatuletea dawa ya unga iliyobaki ghalani, akaitoa kwa saini yake mwenyewe. "Mimi nastaafu," alisema, "watanifanya nini, wanistaafishe?" Tukaichanganya kwa koleo, vitambaa puani, tukaanza na mbegu na nyumba zilizomzunguka Bi. Mwanahamisi, kwa sababu haikutosha. Waliokosa dawa waliweka ahadi: kila Ijumaa baada ya swala, kila nyumba inachekecha debe moja mbele ya jirani yake. Si mbele yangu, mbele ya jirani. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu humdanganya bibi shamba bila shida, lakini jirani anaijua sauti ya chekeche lako.

Na ile hesabu ya mama mwenye nyumba? Hilo Bi. Mwanahamisi alilitatua kabla sijalifikiria. Alichora alama za mkaa ndani ya pipa lake, kila alama wiki moja. "Sasa punje haina miguu," alisema. Wiki mbili baadaye kila nyumba ilikuwa na alama zake. Vitu kama hivyo msivitafute kwenye vitabu vyenu vya chuo.

Lori likaja siku yake, na mkubwa wangu akiwa mbele karibu na dereva. Magunia mengi tulikuwa tumeshayachekecha, ila kulikuwa na matatu ya bwana mmoja mvivu aliyejiapiza kuwa ni safi. Nikalichoma bambo mbele ya wote, nikamwaga kwenye karatasi. Vikatembea vitatu, vinne.

"Pakieni," mkubwa akasema.

"Hayapakiwi," nikasema.

"Ndugu Veronika, unajua unazungumza na nani?"

"Najua vizuri, mzee. Ndiyo maana nimekuwa na adabu hadi sasa."

Akawageukia wapakiaji. Wakati huo akina mama walikuwa wamekwishakaa juu ya magunia, wamekaa kabisa, kama wako harusini, na Bi. Mwanahamisi amekaa juu ya yale matatu. Mkubwa akamwamuru dereva afungue bodi ya lori. Dereva, mtu mzima wa Korogwe ambaye hakuwa amesema kitu tangu afike, alikuwa ameinama anaitazama karatasi yangu.

"Mzee," alimwambia mkubwa taratibu, "lori hili linalala nyumbani kwangu. Na mama yangu ana dari. Mimi huyu simpeleki kwa mama yangu."

Akapanda, akawasha injini, mkubwa ikabidi apande naye. Lori lilirudi tupu. Siku kumi baadaye lilikuja tena, tukalijaza mahindi yaliyochekechwa, masafi, na hakuna aliyekosa chochote isipokuwa mkubwa aliyekosa usingizi.

Barua yangu ilifuata upesi. Nilitakiwa nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuchoma jiko la serikali na kuzuia usafiri wa mazao. Nilijibu mistari minne: "Jiko nililichoma mimi. Lori nililizuia mimi. Mdudu nilimleta mimi. Kunyamaza ndiko sikukufanya." Nikatia saini. Niliambiwa barua hiyo ilisomwa kwenye kikao na kuna watu walikohoa ili wasicheke.

Shida kubwa zaidi haikuwa ofisi, ilikuwa wageni. Mwaka ule Mazingara ilipata jina baya la ubahili. Mtu anatoka mbali kuwaona wakwe, anaondoka na kibunda cha punje zilizofungwa kwenye kitambaa, ananuna njia nzima. Shemeji mmoja alilalamika kwamba amepukuchuliwa mahindi kama kuku. Mama wawili walikaa barabarani kila siku ya basi, wanapokea mizigo inayoingia na kukagua inayotoka, wakicheka, wakisalimia, na vidole vyao vikiwa ndani ya kikapu chako. Kuna mzee mmoja mkubwa wa chama alidai yeye hakaguliwi. Alikaguliwa. Alikutwa na manane, yakapukuchuliwa palepale, akapewa punje zake na shikamoo.

Sitawadanganya kwamba tulimmaliza dumuzi. Alienea nchi nzima kwa njia nyingine, kwa malori ya watu wengine na mabega ya watu wengine, na mpaka leo mnapambana naye. Lakini mavuno yale na yaliyofuata, Mazingara hakuna aliyelala njaa kwa ajili yake, na hakuna kijiji jirani kilichompata kutoka kwetu. Wakubwa walisema ni bahati. Waambieni waje wachekeche kila Ijumaa, waone bahati inavyochosha mikono.

Uhamisho wangu ulikuja hatimaye, kama mlivyotarajia. Nilipelekwa mbali, na sikuomba kubaki kwa sababu nisingempa mtu raha ya kunikatalia. Jioni kabla ya kuondoka Mzee Sempoli aliniletea mahindi mawili, mbegu yake mwenyewe, maganda yamesukwa vizuri. "Haya si ya mgeni," alisema. "Ni ya mtoto wa hapa." Nikayapokea. Ndiyo, mimi. Nilifungua maganda, nikayakagua punje kwa punje, masafi kabisa, nikajiambia kwamba mimi ni mtaalamu, na yangu yana ruhusa. Nikayaweka chini ya nguo sandukuni.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa barabarani. Nilipoinua sanduku kulipandisha, Bi. Mwanahamisi aliweka mkono juu yake.

"Fungua, mwanangu."

"Mama, ni mimi."

"Nakujua. Fungua."

Nikafungua. Alipapasa chini ya nguo kama mtu anayejua anachokitafuta, akayatoa mawili, akayainua kila mtu ayaone. Nikaanza kusema kwamba nimekwishayakagua, kwamba hayana kitu.

"Hayana," alisema, akiyatazama. "Nayaona, hayana. Na yale sita uliyonipa, wewe uliyaona yana?"

Akakaa palepale chini kando ya basi, akayapukuchua kwa kidole gumba, taratibu, dereva wa basi akipiga honi naye hamjali. Magunzi na maganda akampa mwenzake ayatie moto. Punje akazifunga kwenye ncha ya khanga yake, akaichana ile ncha, khanga yake nzuri ya sikukuu, akaniwekea mkononi.

"Sasa nimekusamehe," alisema. "Nenda."